Mgonjwa kakatwa pesa, miadi haipo: wauzaji wa hizi programu za miadi wanatuumiza

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naanika.

Nasimamia mapokezi kwenye kliniki ya meno. Tulichukua programu ya kuweka miadi mtandaoni ili mgonjwa achague saa, alipe akiwa kwake, aje akiwa na uhakika. Kuunganisha malipo kulikuwa kazi ndogo kweli. Balaa limekuja baada ya hapo.

Mgonjwa akichagua saa, mfumo unamshikilia hiyo nafasi kwa dakika chache. Anapelekwa kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, anajaza kadi, benki inamtumia namba ya uthibitisho kwenye simu, anaiingiza, pesa inakatwa. Kisha mfumo unamsubiri arudishwe kwenye ukurasa wa shukrani ndipo uandike kwamba kalipa. Asiporudi? Simu imezima, bando limekata, au kaona ujumbe wa benki akafunga zake dirisha. Kwa programu hii huyo hajalipa! Nafasi yake inaachiwa, anaichukua mwingine.

Juzi mama mmoja kasimama mbele yangu na ujumbe wa benki mkononi, pesa imetoka, jina lake halipo, na aliyepewa saa yake yuko ndani kwenye kiti anang'olewa jino. Wote wawili wamelipa. Nimwambie nini? Aliyeaibika pale ni mimi, si aliyeandika programu.

Waliowahi kuunganisha malipo wanajua kwamba kampuni ya malipo hutuma taarifa moja kwa moja kutoka seva yake kwenda seva ya muuzaji, bila kupitia simu ya mteja kabisa. Mafundi wanaiita webuhuku. Isipopokelewa, inatumwa tena. Imewekwa kwa ajili ya tatizo hili hili. Nikaingia kwenye dashibodi ya malipo kuangalia. Taarifa zetu zimetumwa zote, na kila moja imerudisha 404. Yaani anwani ya kupokelea haipo! Na anwani hiyo wameiweka wenye programu, sisi hatuna hata sehemu ya kuigusa.

Nikawatumia picha ya hizo 404. Jibu: wasiliana na kampuni ya malipo. Kampuni ya malipo nao: upande wetu muamala umekamilika, waulize wenye programu. Nimezungushwa hivyo mpaka nimechoka. Halafu mhudumu mmoja wa wenye programu akanishauri tuwe tunawaomba wagonjwa picha ya kadi mbele na nyuma "kwa uthibitisho". Jamani! Kiwango cha PCI DSS, yaani kanuni za usalama wa kadi za malipo, kinakataza kuhifadhi zile tarakimu tatu za usalama muamala ukishaidhinishwa, na huyu anataka zikae kwenye simu ya mapokezi. Mtu wa namna hiyo anauza mfumo wa malipo.

Hasara yote inatuangukia sisi. Tukimrudishia mgonjwa pesa, makato ya muamala wa kwanza haturudishiwi. Tukichelewa, anaenda benki kuupinga muamala, tunanyang'anywa pesa na kupigwa faini juu yake. Na mgonjwa hana kosa, ana haki yake kabisa.

Nimewaandikia kwamba warekebishe anwani, na miadi ithibitishwe kwa taarifa ya seva, si kwa mgonjwa kurudi kwenye ukurasa. Wamejibu kuwa ombi "limepelekwa kwa timu". Kwa sasa nimezima malipo mtandaoni, watu wanalipia dirishani kama zamani.

Mnaotaka kununua programu ya aina hii, kabla hamjatoa hela yenu fanyeni hivi: lipeni kwa kadi halisi, kiasi kidogo, na mara tu benki ikithibitisha fungeni dirisha. Msingoje ukurasa wa shukrani. Kama miadi haikutokea kwenye kalenda, achaneni nao. Mwenye programu iliyofaulu jaribio hilo aitaje hapa, nahama wiki hii.