Baba aliwahi kuwa na pumu, amepewa matone ya presha ya macho, sasa kifua kinambana

BintiWaKibosho:
Habari za jioni wadau. Naombeni msaada, hasa walio kwenye fani ya macho au wanaouguza mzee mwenye presha ya macho.

Baba yuko Kibosho, ameshavuka miaka 70. Alipopimwa, jicho la kulia lilisoma 31 na la kushoto 27. Akapewa chupa mbili: timolol asubuhi na jioni, latanoprost usiku tu. Tangu aanze, usiku anaamka kifua kinambana, na akipanda kutoka kukata majani ya ng'ombe anasimama njiani kuvuta pumzi, jambo ambalo hakuwa nalo. Ujanani alikuwa na pumu, ila ilishanyamaza, na anasema huko alikopewa dawa hakuna aliyemuuliza habari za kifua.

Kijana wa duka la dawa kaniambia dawa ya macho inaishia machoni, haiwezi kushuka kifuani. Sijaridhika, maana baba mwenyewe anasema kila akitia anasikia uchungu kooni. Halafu anajitilia mwenyewe, anaminya matone matatu manne, mengi yanamtiririka shavuni, chupa inakwisha kabla ya tarehe ya kliniki. Mama anataka tuache zote kwa kuwa macho hayamuumi na njia anaiona. Nifanyeje?

NesiMacho_Moshi:
Dada yangu, pole na kuuguza. Naanza na kifua kwa sababu hicho hakisubiri. Timolol inapunguza mapigo ya moyo na inaweza kubana njia za hewa. Mtu aliyewahi kuwa na pumu hatakiwi kuitumia, hata kama pumu ilishalala miaka. Asitie tena timolol mpaka daktari amwone. Kesho asubuhi mpeleke, mbebe chupa zote mbili na kadi yake. Usiku huu akihema kwa shida au akasikia kizunguzungu cha kutaka kuanguka, msingoje kuche. Latanoprost aendelee nayo.

Baba yako yuko sahihi kuhusu ule uchungu. Mvute kope la chini taratibu, utaona kitundu kidogo mno kwenye ukingo wake, upande wa pua. Machozi hushukia hapo kwenda puani, ndiyo maana mtu akilia anapenga kamasi. Tone nalo linafuata njia hiyo hiyo, na likifika puani linaingia kwenye damu bila kupitia ini kwanza kama kidonge kinavyopita. Kwa hiyo dawa ya macho ni dawa ya mwili mzima, na ukiulizwa hospitali yoyote mzee anatumia dawa gani, itaje.

Njia ya kuizuia ni kidole. Akishatia, afumbe jicho bila kupepesa na abonyeze kona ya ndani, pale karibu na mfupa wa pua, kwa dakika mbili. Dawa inabaki jichoni na uchungu unapungua. Tone moja linatosha, jicho halibebi hata tone zima, linalozidi ndilo hilo la shavuni. Na latanoprost ni mara moja tu kwa siku, ukizidisha inaweza hata kushindwa kushusha presha vizuri. Kama ni dawa mbili, apishe dakika tano katikati. Mdomo wa chupa usiguse kope wala kidole.

Mwambie mama kwa heshima: presha hii kwa kawaida haiumi. Inakula mshipa wa fahamu wa jicho polepole, mara nyingi ikianzia kuona kwa pembeni, huku mtu anaona mbele vizuri tu. Kilichopotea hakirudi, si kama mtoto wa jicho anayetolewa. Dawa inalinda kilichobaki.

Dereva_Njiro:
Mimi natumia latanoprost, na kazi yangu ni kupeleka wageni Serengeti. Chupa ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji. Ukishafungua inaweza kukaa nje, isipite nyuzi 25, kwa hiyo Kibosho mtakuwa salama kabatini, ila usiiache kwenye dashibodi pale stendi ya Moshi mwezi wa Februari. Safarini naiweka kwenye kiboksi cha baridi, mbali na barafu yenyewe. Andika kwa kalamu tarehe ya kufungua, wiki nne zikiisha itupe hata kama imebaki. Macho yaliniwasha na kuwa mekundu mwanzoni, na kope zimerefuka kweli, hiyo ni kawaida ya dawa. Nawe dada pamoja na ndugu zako mkapimwe, ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo.

Sakina_One:
Wekundu ukimsumbua kuna matone ya deksamethasoni, yanatuliza haraka. Jirani yetu anayatumia siku zote.

NesiMacho_Moshi:
Hapana kaka, tafadhali sana. Hiyo ni steroidi, na ikitumiwa muda mrefu yenyewe inapandisha presha ya macho. Jirani yako naye akapimwe.

BintiWaKibosho:
Mungu awabariki. Tumetoka hospitali. Daktari amesikiliza kifua, ameiondoa timolol kabisa, ameandika dawa nyingine badala yake na kwenye kadi ameandika PUMU kwa herufi kubwa. Latanoprost inaendelea, na mama amekubali. Limebaki moja: mkono wa baba unatetemeka, tone linaangukia puani. Afanyeje siku ambazo sipo?

NesiMacho_Moshi:
Alale chali bila mto, afumbe jicho, adondoshe tone kwenye kona ya ndani juu ya kope lililofumbwa. Halafu afumbue taratibu akiwa bado amelala, litateleza lenyewe kuingia. Kiganja akiegemeze kwenye paji la uso, kutetemeka kutapungua. Kisha afumbe tena na kubonyeza kona kama nilivyosema.