Naomba ushauri: kompyuta ya kurusha harusi mubashara na kuirekodi

Kaskazi_Tupu (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nina kazi ya kurusha harusi ya dada yangu mubashara YouTube, na papo hapo kuirekodi kwa ubora wa juu iwe kumbukumbu ya familia. Nataka kuunga kompyuta ya mezani, maana baadaye nitaitumia kurusha shughuli za watu. Kamera ni mbili, sauti nitaichukua kwenye mikisa ya watu wa muziki. Swali langu ni moja tu: RAM GB 16 inatosha au niweke 32? Nina wasiwasi kweli. Bibi yetu yuko Muscat, hawezi kusafiri, na hii ndiyo njia pekee ya kumuona mjukuu wake siku hiyo.

Fundi_Waya
GB 16 inatosha, lala salama. OBS, programu ya kurusha na kurekodi, haina njaa ya RAM. Kazi nzito ni kubana video, na hiyo inategemea enkoda, yaani sehemu ya mashine inayobana. Taja prosesa na kadi ya picha, ndipo tuongee.

Mangi_wa_Mjini
Hongera kwa dada. Kadi ya mwaliko sijaiona, naona tunajadili kadi za kompyuta tu.

Mama_Swaumu
Mwanangu, mimi kompyuta sizijui, ila harusi nimesimamia nyingi. Bwana harusi akiingia kumpa mkono bibi harusi, ndani wamejaa wanawake waliojitanda kwa heshima yao, na wengine wameshafunua vichwa. Umewauliza kama wanataka kuonekana YouTube na dunia nzima? Na hizo hela, si bora wapewe maharusi wakaanzie maisha?

Kaskazi_Tupu
Mama, shikamoo. Nitaweka iwe ya mwenye linki tu, haitatokea kwenye utafutaji, na kamera ya ndani atashika shangazi. Fundi, prosesa ni i5-12400F na kadi ni GT 1030. Nimeangalia sana, naona zinatosha.

Fundi_Waya
Hapo ndipo penye shida, mkuu. GT 1030 haina NVENC, enkoda ya kadi za NVIDIA, yaani haiwezi kubana video. Na hiyo F mwishoni mwa 12400 maana yake prosesa haina kadi ya picha ya ndani, kwa hiyo Quick Sync, enkoda ya Intel inayokaa humo, nayo umeikosa. Umenunua njia mbili na zote zimezibwa. Chukua 12400 isiyo na F, uachane kabisa na ile kadi. Quick Sync itabana, prosesa itapumua.

Kaskazi_Tupu
Lakini 12400F ina kori 6 na nyuzi 12. Kuna kijana nimemuona anarusha gemu kwa mashine dhaifu kuliko hiyo.

Fundi_Waya
Kurusha peke yake itaweza. Wewe unataka kurusha na kurekodi kwa ubora wa juu kwa wakati mmoja, kamera mbili, saa kadhaa, kwenye joto. Hapo fremu zitaanza kudondoka, picha irukeruke. Haya, ukumbi una intaneti gani?

Nahodha_Mstaafu
Ngoja niwape ya kwangu. Tulirekodi maulidi usiku kucha, watu wamesoma mpaka machozi. Karibu na alfajiri jenereta likaisha mafuta, kompyuta ikazimika. Kuja kufungua faili la MP4, halifunguki. Usiku wote umekwenda. MP4 ya kawaida inaandika faharasa yake mwishoni kabisa, ikikatwa kabla, hujapata kitu. Rekodini kwa MKV, aina nyingine ya faili la video, umeme ukikatika kilichokwisha kuandikwa kinabaki salama, kisha OBS yenyewe inakibadilisha kuwa MP4. Yule mzee aliyesoma usiku ule ameshafariki, Mungu amrehemu, na sauti yake hatuna.

Mangi_wa_Mjini
Mzee, pole sana. Hii ya MKV nimeiandika.

Fundi_Waya
Mleta uzi, nimeuliza ya intaneti.

Kaskazi_Tupu
Ya intaneti nitaweka bando, hiyo siyo shida kubwa. Nilikuwa nauliza hasa kuhusu RAM.

Dada_wa_Mitandao
Kaka, ndiyo shida kubwa kuliko zote. 1080p, yaani picha ya HD kamili, inataka kama megabiti 6 kwa sekunde za kupandisha, tena bila kuyumba. Watu wanapima kasi ya kushusha, wanafurahi, kumbe kupandisha mara nyingi ni chini zaidi. Harusi iko wapi?

Kaskazi_Tupu
Iko Pangani, nyumbani kwetu, uwanjani karibu na ufukwe. Umeme wa jenereta. Intaneti ni ya simu. Jumamosi hii, ndoa inafungwa baada ya Alasiri.

Mangi_wa_Mjini
Jumamosi HII? Leo Alhamisi!

Kisima_cha_Hoja
Samahani wakuu, mimi naona hii ni chai. Mara anataka kuunga, mara "prosesa ni" kama tayari anayo. Intaneti kaulizwa mara mbili kaikwepa. Bibi asiyeweza kusafiri Muscat, jenereta, ufukwe, vyote kwa pamoja. Baadaye atakuja na namba ya kuchangiwa. Na kama ni bibi tu, si ampigie WhatsApp?

Mama_Swaumu
Mimi nilimwambia hela wapewe maharusi.

Kaskazi_Tupu
Siombi mchango wa mtu. Oman simu za WhatsApp zimekuwa zikizuiwa kwa miaka mingi, na bibi anaangalia YouTube kwenye runinga ya sebuleni. Kuhusu mashine, nimeshalipa nusu kwenye duka moja Kariakoo, na hizo ni hela za michango ya ukoo. Ndiyo maana sikutaka kusikia kwamba vifaa si sahihi. Risiti nimeipandisha hapo chini, nimefunika majina.

Kisima_cha_Hoja
Nimeiona. 12400F kweli imeandikwa. Naomba radhi, kaka.

Dada_wa_Mitandao
Sasa tusaidiane. Rusha 720p, ubora wa chini kidogo, kwa kilobiti 2,500 au 3,000 kwa sekunde, usidai 1080p. Kwa 3,000 saa moja inakula kama GB 1.35, kwa hiyo bando ni rahisi. Beba laini za mitandao miwili tofauti. Kesho Ijumaa fika uwanjani saa ile ile ya Alasiri, pima kupandisha na laini zote mbili. Simu iweke juu, dirishani au kwenye mti, kisha ivute waya wa USB mpaka kwenye kompyuta. Rekodi iwe 1080p kwa kilobiti 20,000, saa moja ni GB 9. Mtandao ukifa, rekodi inaendelea, bibi ataiona kesho yake.

Fundi_Waya
Na jenereta usiliamini. Weka UPS, betri ya akiba, kwa kompyuta na kwa vifaa vyote vya kamera. Waya mrefu wa HDMI wa kamera uwanjani unakata picha, ukizidi mita 15 tumia vigeuzi vya SDI, waya unaofika mbali zaidi, au sogeza meza. Kila kamera irekodi pia kwenye kadi yake yenyewe.

Nahodha_Mstaafu
Na waambie watu wa muziki wasipige nyimbo za watu wakati wa kurusha. YouTube ikitambua wimbo wenye hakimiliki inaweza kukatisha matangazo katikati. Kaswida zenu za kuimba wenyewe ndizo salama.

Kaskazi_Tupu
Nimetoka kuongea na muuzaji. Amekubali kunibadilishia prosesa nikiongeza kidogo, ila GT 1030 anasema hairudishwi.

Fundi_Waya
Ichukue, uiweke kabatini. Skrini ichomeke kwenye ubao mama, na kwenye OBS uchague QuickSync kwa kurusha na kwa kurekodi.

Dada_wa_Mitandao
Chaneli ya YouTube umeshathibitisha kwa namba ya simu?

Kaskazi_Tupu
Chaneli ninayo ya zamani. Kuthibitisha ndiyo nini?

Dada_wa_Mitandao
Acha kila kitu, ingia sasa hivi. Kuruhusiwa kurusha mubashara kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua mpaka saa 24.

Kaskazi_Tupu
Naingia.