MREJESHO: Leti yenye pleyi kwenye krosi slaidi
Wakuu nimerudi. Niliuliza kwa nini kwenye leti yangu (mashine ya kukereza chuma) hendo ya krosi slaidi, ile sehemu inayoingiza na kutoa tuli (kisu cha kukatia), inazunguka bure karibu robo mzunguko ndo tuli isogee, huo ulegevu ndo pleyi, na mliosema nati inayopita skrubu ya hendo imelika mlikuwa sahihi. Nimeifungua jumamosi hapa Mwanga Kigoma, meno ya ndani yamebaki membamba kama wembe, grisi imejaa unga wa bronzi. Fundi mwenzangu kanikerezea mpya, pichi (umbali wa jino hadi jino) milimita 5, ila ya kwanza tulikata meno yanayozunguka kulia wakati skrubu ni ya kushoto, bronzi ikaenda bure iliniuma sana. Sasa pleyi imetoka milimita 1.2 mpaka 0.3. Iliyobaki ni skrubu yenyewe, imelika pale katikati tunapofanyia kazi kila siku, nati ukiibana ikae vizuri hapo inagoma mwishoni, so narudisha tuli nyuma kwanza ndo naingia upya. Jana shafti ya boti ya Kibirizi imeingia kwenye beringi safi kabisa. Asanteni sana jamani.