Nyumba Kibaha, hati "iko kwenye mchakato": nikague nini kabla ya kulipa?

Mpangaji_Ilala
Habari za leo wakuu. Kazi yangu iko Posta, nataka kuachana na kupanga nikanunue Kibaha. Nimepata nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja mita 20 kwa 30, kwa ndani kidogo kutoka Maili Moja, bei milioni 65. Muuzaji ana nakala ya barua ya toleo (ya kugawiwa kiwanja), anasema hati iko kwenye mchakato. Nyumba ilikuwa ya baba yao ambaye ni marehemu, na yeye ndiye mtoto mkubwa. Dalali anasema iko karibu na SGR, ile reli ya kisasa, na anataka nitoe milioni 10 za kushikilia nyumba wiki hii. Nianzie wapi? Na nje ya bei nijiandae na gharama gani?

Bikoni
Mkuu, hiyo milioni 10 usiitoe bado. "Hati iko kwenye mchakato" inaweza kuwa na maana tatu. Ya kwanza: kiwanja kimepimwa, ramani ya upimaji imesajiliwa, toleo limetolewa na hati inaandaliwa kweli. Ya pili: toleo lilitolewa zamani, ada hazikulipwa, jalada limelala. Ya tatu, ambayo ndiyo mbaya: toleo ni la kiwanja kingine, au kiwanja hicho kimegawiwa watu wawili.

Kuzitofautisha hakuhitaji maneno ya muuzaji. Chukua namba ya kiwanja na kitalu kwenye barua, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri husika uombe jalada likaguliwe. Angalia kwanza ni halmashauri ipi: Kibaha ya mjini ni moja, na ya wilaya, yenye makao Mlandizi, ni nyingine. Watu huuliza kusiko, wanaambiwa "haipo kwenye kumbukumbu", wanachanganyikiwa bure. Halafu fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Pwani ina ofisi yake ya ardhi ya mkoa, kwa hiyo si lazima kwenda Dar. Upekuzi unaonyesha mmiliki aliyesajiliwa, rehani ya benki, na zuio lolote lililowekwa. Kama hati haijasajiliwa, upekuzi hautaonyesha kitu, na hapo jalada la halmashauri ndilo tegemeo lako pekee.

Baada ya hapo lipa mpima mwenye leseni aje na kifaa asome bikoni na kulinganisha na ramani iliyosajiliwa. Usitosheke na kuonyeshwa kwa kidole. Bikoni ni chuma kilichozamishwa kwenye zege, na namba yake lazima ifanane na ya kwenye ramani. Ukikuta zege bichi linang'aa kwenye kiwanja kilichopimwa miaka 15 iliyopita, jua kuna mtu ameihamisha. Pima na ukuta: mara nyingi shimo la maji taka au kona ya jiko imeingia kwa jirani mita moja au mbili, na hilo hujitokeza siku unapotaka kujenga uzio.

Muulize pia mpima kuhusu hifadhi ya barabara. Barabara kuu kwa kawaida ni mita 30 kila upande kutoka katikati, lakini Morogoro Road ina kipande, kutoka upande wa Kimara kuja Kiluvya, ambacho hifadhi yake ni mita 121.5 kila upande. Nyumba zilizovunjwa huko mwaka 2017 bila fidia zilikuwa ndani ya eneo hilo, na nyingine zilikuwa na umeme, maji na risiti za kodi. Njia ya umeme mkubwa nayo ina hifadhi yake. Ukiona minara karibu, peleka namba ya kiwanja TANESCO.

Wakili wa Mtaa
Naongezea kwenye marehemu, kwa sababu hapo ndipo mauzo mengi yanapofia. Kuwa mtoto mkubwa hakumpi mtu mamlaka ya kuuza. Anayeuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mwombe barua ya uteuzi, andika namba ya shauri, kisha nenda mwenyewe mahakama iliyotoa uthibitishe. Kama kuna hati iliyosajiliwa, msimamizi anatakiwa kwanza aingizwe yeye kwenye daftari la Msajili kwa nafasi hiyo, ndipo akuhamishie wewe. Ukiruka hatua hiyo, Msajili anarudisha maombi.

Warithi wote wasaini kuridhia, na mjane usimsahau. Hata kama muuzaji angekuwa mmiliki mwenyewe, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inazuia mwenzi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Akisema hajaoa, aape kwa kiapo mbele ya wakili.

Gharama: kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania. Mfano gharama zenye risiti ni milioni 40, bei 65, faida 25, kodi ni milioni 2.5. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, kwako ni kama laki 6 na nusu. Ongeza mpima, mthamini, wakili na ada za uhamisho. Bila cheti cha TRA cha kodi hiyo uhamisho haukamiliki, kwa hiyo muuzaji akila hela yote na kupotea, anayekwama ni mnunuzi. Andikeni kwenye mkataba kwamba kodi italipwa moja kwa moja kwa namba ya malipo ya TRA, kutoka kwenye bei.

Na usikubali kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ipungue. Ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa na serikali inaweza kuonyesha thamani kubwa zaidi na ndiyo itakayotumika. Halafu wewe ukija kuuza, gharama yako inayotambulika ni ile ndogo uliyoandika.

Kuna asilimia 10 nyingine inayodaiwa na serikali ya mtaa, hiyo si kodi ya kisheria. Mwenyekiti anakusaidia kumtambua muuzaji na majirani, lakini muhuri wake haumpi mtu umiliki.

Fundi_Tumbi
Wenzangu wamemaliza karatasi, mimi nasema nyumba. Nenda siku mvua imenyesha, au asubuhi yake. Rangi mpya ndani ya nyumba ya zamani ni sababu ya kukagua zaidi. Nyufa nyembamba kama nywele kwenye plasta ni za kawaida. Ufa unaoanzia kona ya dirisha ukaenda mshazari, unaoonekana ndani na nje na unaingiza ukucha, hapo msingi umekaa vibaya au mkanda wa zege haukufungwa vizuri. Kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, ufa huo hauzibwi kwa plasta, utarudi.

Panda darini na tochi. Choma kenchi kwa bisibisi: ikizama kirahisi, mchwa ameshakula. Chumvi nyeupe chini ya ukuta, sentimita 30 hadi 60 kutoka sakafuni, ni unyevu unaopanda kwa sababu nailoni ya msingi haikuwekwa au imechanika. Maji: fungua bomba asubuhi na jioni, siku mbili tofauti. Bomba kuu la Ruvu Juu linapita huko, lakini presha ya mtaa mmoja na mwingine hazifanani. Tanki kubwa kila nyumba ya jirani ni jibu tosha. Omba bili ya mwisho ya DAWASA na risiti ya LUKU. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na deni la nyuma utalikuta wewe.

Mpangaji_Ilala
Asanteni sana wakuu. Nimemuuliza muuzaji kuhusu mahakama, anasema wana muhtasari wa kikao cha ukoo uliomteua, umesainiwa na wote. Hautoshi? Na hilo la SGR vipi?

Wakili wa Mtaa
Hautoshi. Muhtasari wa ukoo ni kiambatisho cha kupeleka mahakamani. Mahakama ya Mwanzo ikishamteua humpa Fomu Na. IV, hiyo ndiyo uitafute. Uliza pia kama shauri limeshafungwa. Msimamizi aliyekwisha kuwasilisha hesabu za mwisho na mirathi ikafungwa hana tena cha kuuza, warithi waliogawiwa ndio wanaosaini.

Bikoni
SGR: reli kupita karibu si kituo kuwa karibu. Kati ya Dar na Ruvu vituo ni Pugu na Soga, na treni za haraka zinavipita. Soga iko kusini, mbali na Maili Moja, kwa hiyo piga hesabu ya daladala hadi Mbezi, kisha Kimara upande mwendokasi. Jaribu njia hiyo Jumatatu saa 11 alfajiri kabla hujaamini maneno ya dalali.

Kuhusu kushikilia: kama nyumba unaitaka kweli, wekeni makubaliano mafupi kwa wakili, kiasi kidogo kikae kwenye akaunti ya wakili, na iandikwe kitarudi chote kama Fomu Na. IV au jalada la ardhi havikupatikana ndani ya siku 30. Malipo makubwa yafuate nyaraka: sehemu warithi wakisaini mkataba, sehemu kodi ikilipwa na fomu za uhamisho, namba 29, 30 na 35, zikiwasilishwa, na ya mwisho hati ikitoka kwa jina lako. Yote yapite benki. Dalali naye alipwe hapo mwisho.