Benzeni ikipigwa leza: 52 na 39 zinatoka wapi?

Mwl_Kihesa:
Kamwene wadau. Nafundisha kemia kidato cha sita hapa Iringa, leo dogo mmoja kaniuliza swali nikamwambia ngoja kesho, na kesho yenyewe ndo hiyo inafika. Tulikuwa tunaangalia mchoro wa masi (unaoonyesha uzito wa kila ioni, yaani molekuli au kipande kilichopoteza elektroni) wa benzeni, C6H6 (benzeni jamani, siyo petroli) iliyopigwa leza yenye urefu wa wimbi wa 259 nm. Nilishawafundisha kwamba kuing'oa elektroni kwenye benzeni kunataka nishati ya 9.24 eV (eV ni kipimo cha nishati). Dogo kapiga hesabu, fotoni (chembe ya mwanga) moja ya 259 nm ina 4.79 eV tu, akauliza sasa imeng'okaje? Afu kama imeng'oka elektroni moja basi tuone 78, uzito wa benzeni nzima, peke yake, hizi 52 na 39 vipi?

mzee_wa_mbao:
Mimi niko Mafinga, nilisoma kemia zamani. Nadhani ni joto tu mwalimu, leza ni kali, molekuli inaungua kama kuni.

Soweto_Mbeya:
Hapana mzee wangu, shikamoo kwanza. Mle ndani ya mashine ni utupu, hakuna oksijeni ya kuunguza kitu. Ni fotoni zinaingia moja baada ya nyingine. Ya kwanza inaipandisha benzeni hali ya juu, inakaa pale makumi ya nanosekunde, na mshindo wa leza wenyewe ni nanosekunde chache, kwa hiyo ya pili inaikuta bado iko juu. Mbili jumla 9.57 eV, elektroni inatoka, chenji inabaki 0.33 tu. Hapo ioni imezaliwa imetulia, haiwezi kuvunjika, na ukipunguza makali ya leza utaona kweli 78 inabaki karibu peke yake.

Sasa ukiyaongeza, ile ioni yenyewe ndo inaanza kumeza fotoni. Hapa ndo wengi wanakosea, wanadhani molekuli imevunjika papo hapo wakati elektroni inatoka, kumbe hapana, kwanza imekuwa ioni halafu ioni ndo ikavunjwa. Ile nishati inasambaa kwenye mitetemo yote 30 ya ioni mpaka ijikusanye kwenye kifungo fulani kikakatika. 78 ikitema C2H2 yenye 26 inabaki 52, na C2H2 hiyo ni asetileni, gesi ileile mafundi wanachomelea vyuma gereji. 39 ni C3H3. Ukikusanya leza kwa lenzi ukaikaza sana unafika mpaka 12, kaboni tupu. Mwambie dogo hesabu yake iko sawa kabisa, alikosa kitu kimoja tu, kwamba fotoni zinaweza kujumlishwa.

mzee_wa_mbao:
Marahaba kijana, nimeelewa. Sasa je jua haliwezi kufanya hivyo? Naftalini tunaweka kwenye masanduku ya masweta, baridi ya huku unaijua.

Soweto_Mbeya:
Jua la huku chini haliwezi. Mwanga unaofika ardhini unaishia karibu 290 nm, kama 4.3 eV, na naftalini inataka 8.14. Kuzijumlisha mbili mbili nako jua halina msongamano wa fotoni wa kufanya hivyo, ndo maana tunahitaji leza. Naftalini ya sandukuni inapungua kwa sababu inageuka mvuke, basi.

nyota_za_kitulo:
Naongezea kidogo. Angani kati ya nyota inatokea kweli. Kule ziko molekuli za pete nyingi za kaboni zilizoungana, ndugu za hizi zilizomo kwenye masizi ya jiko la kuni, na fotoni za mpaka 13.6 eV zinapita, zaidi ya hapo hidrojeni inazimeza. Fotoni moja inatosha kung'oa elektroni. Pete zikiwa chache ioni inavunjika kirahisi, zikiwa nyingi nishati inapata pa kusambaa, inastahimili, hata inapoteza elektroni ya pili kabla ya kuvunjika.

Mwl_Kihesa:
Asanteni sana, hii ya chenji 0.33 nitaichora ubaoni kesho kipindi cha kwanza. Soweto_Mbeya, swali la mwisho, ioni nayo lazima ipigwe na mwanga wa urujuanimno (usioonekana kwa macho, kama ule wa 259 nm)?

Soweto_Mbeya:
Siyo lazima mwalimu. Benzeni ya kawaida haina rangi, mwanga wa kijani unaipita tu, ila ioni yake inaumeza, na ikimeza fotoni mbili za kijani inavunjika.