Blaindi za "funga mwenyewe" zinauzwa bila kifaa cha kumlinda mtoto, na duka linakataa kuwajibika

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira, na naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu ili anayekusudia kununua blaindi (mapazia ya dirisha) za kufunga mwenyewe hapa Dar es Salaam ajue anachouziwa. Duka moja la vifaa vya nyumbani, ambalo sitalitaja jina, limeniuzia blaindi za kuviringisha ambazo boksi lake limeandikwa kwamba kila kinachohitajika kimo ndani na kwamba fundi hahitajiki. Maandishi hayo si ya kweli, na miongoni mwa vilivyokosekana kimo kifaa kinachomzuia mtoto asinaswe shingo na mnyororo wa blaindi.

Nianze na ukuta. Skrubu na fisha (vipande vya plastiki vinavyoingizwa ukutani ili vishike skrubu) zilizomo ndani ya boksi zina urefu wa milimita 25 tu. Kuta za nyumba zetu nyingi ni za tofali za saruji zilizopigwa plasta, na plasta yenyewe mara nyingi hufikia milimita 15 au zaidi, hivyo fisha fupi kiasi hicho hushika plasta na kugusa tofali kidogo tu. Juu ya dirisha, mahali ambapo breketi, yaani kishikio cha blaindi, inatakiwa kukaa, kuna linta ya zege yenye nondo, ambayo haitobolewi kwa drili ndogo ya kawaida. Inahitaji drili yenye mpigo wa nyundo, biti ya zege, na fisha ndefu zinazopita plasta na kuingia ndani ya zege lenyewe. Karatasi ya maelekezo haisemi lolote kuhusu hayo, bali inaonyesha mtu akikaza skrubu kwenye fremu ya mbao kwa bisibisi ya mkono. Nilifuata maelekezo yao, nikapima kwa pimamaji, nikafunga kama picha inavyoonyesha, na baada ya muda mfupi wa kuvuta na kuachia kila asubuhi na jioni breketi ya upande wa mnyororo iling'oka pamoja na kipande cha plasta, ikabidi ukuta uzibwe na kupakwa rangi upya kwa gharama yangu.

Kipimo nacho kinapotosha. Boksi limeandikwa sentimita 120, lakini huo ni upana wa kutoka breketi hadi breketi, wakati kitambaa chenyewe hakifiki 117. Madirisha yetu ya aluminiamu yana wavu wa mbu na grili kwa ndani, hivyo blaindi haiwezi kukaa ndani ya uwazi wa dirisha. Lazima ifungwe usoni mwa ukuta, na kitambaa kipite kingo za dirisha kwa sentimita 5 hivi kila upande. Mnunuzi akidanganywa sentimita 3, jua la alasiri linapita pembeni hadi kitandani, na kazi ambayo blaindi ilinunuliwa kuifanya haifanyiki. Je, ni kazi gani kubwa kuchapisha vipimo viwili, cha breketi na cha kitambaa?

Hata hivyo, hayo yote ningeyameza. Nisichoweza kukimeza ni habari ya mnyororo. Blaindi hizi huendeshwa kwa kitanzi cha shanga za plastiki kinachoning'inia wazi, na kimojawapo kilikuwa kifungwe katika chumba cha mtoto wa miaka miwili. Kitanzi cha namna hiyo kikipita shingoni mwa mtoto aliyepanda kitanda au kiti kilicho karibu na dirisha, humkaba kimya kimya, kwa sababu aliyebanwa koo hawezi kupiga kelele. Karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi inachora kishikizo kinachofungwa ukutani ili mnyororo ukazwe usiwe na ulegevu, na imeweka hata picha ya onyo ya mtoto. Kishikizo chenyewe hakimo katika boksi hata moja kati ya niliyonunua. Nani alikitoa, kiwandani au njiani, sijali. Aliyepokea fedha zangu ni duka.

Jambo hili si geni duniani. Kiwango cha Ulaya EN 13120, kilichoboreshwa mwaka 2014, kinataka kifaa cha usalama kije pamoja na blaindi yenyewe. Kanuni za Kanada zilizoanza kutumika Mei 2022 haziruhusu kamba inayofikika kuzidi sentimita 22, wala kitanzi kuwa na mzunguko unaozidi sentimita 44. Kwa nini basi mtoto wa Mbagala au Tabata aning'iniziwe kitanzi ambacho mtoto wa Toronto amekingwa nacho kisheria?

Nilipolirudia duka nikiwa na risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) mkononi, nilionyeshwa maandishi yasemayo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, kisha nikaambiwa nitafute fundi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na boksi linalosema kila kitu kimo ndani huku kifaa cha usalama hakimo halilingani na maelezo yake kwa namna yoyote ile. Ninataka fedha zangu zirudishwe, na ninataka maboksi yaliyobaki yaondolewe rafuni mpaka vishikizo vipatikane.

Ambaye tayari amezifunga nyumbani kwake, tafadhali sogeza kitanda na viti mbali na dirisha leo hii, na ufunge mnyororo juu kabisa mahali ambapo mtoto hafiki, hata kama amesimama juu ya kitu. Na ambaye amewahi kupeleka lalamiko la bidhaa Tume ya Ushindani au Shirika la Viwango (TBS), naomba anieleze alitakiwa kuwasilisha nini zaidi ya risiti na picha, kwa sababu maboksi yote ninayo na sikusudii kuyatupa.