Safari ya Kondoa na mtungi wa Ba'mdogo

*Kikundi: UKOO WA NZUGUNI – MAHARI YA AMOSI*
*Alhamisi*

19:04 Shangazi Eliza: Mbukwenyi wanangu. Hesabu imefungwa. Mafuta ya magari matatu, mbuzi wawili, mablanketi, vitenge vya wamama wa kule, soda, na dharura. Jumamosi tunatoka saa kumi na moja alfajiri. Asiyekuwepo atatufuata na bodaboda.

19:06 Happy: Mbukwa Shangazi 🙏

19:07 Wifi Rose: Shangazi shikamoo. Kwenye dharura kuna nini?

19:09 Shangazi Eliza: Marahaba. Pancha, trafiki, na mtu kuharisha.

19:12 Daudi: Shikamooni wakubwa. Naomba kuchomeka jambo. Magari yote matatu yana mtungi wa kuzimia moto? Namaanisha mzima, unaofanya kazi.

19:14 Ba'mdogo Yona: Marahaba. Mimi ninao tangu siku ninanunua Noah. Trafiki akiuliza namwonyesha, tunaagana vizuri.

19:15 Happy: Kwenye IST nilikuta umefungwa chini ya siti. Sijawahi hata kuushika.

19:15 Baba Mkubwa Mika: Hilux haina. Uliibiwa Majengo sokoni pamoja na jeki.

19:18 Daudi: Ba'mdogo, kwa heshima zote, naomba picha ya ile geji, kile kisaa cha presha cha mtungi. Nataka kuona mshale uko wapi.

19:21 Ba'mdogo Yona: Gari liko nje, giza.

19:22 Happy: Simu yako ina tochi Ba'mdogo 😂

19:31 Ba'mdogo Yona: 📷 Picha

19:31 Ba'mdogo Yona: Haya. Nimetoa spea, nimetoa gunia la mkaa la Mama Tunu, nimetoa na kapeti, ndiyo nimeufikia. Umeridhika?

19:34 Daudi: Asante Ba'mdogo. Angalia saa ya meseji zako. Happy kakuambia tochi 19:22, picha imeingia 19:31. Dakika 9, na gari limezimwa, hakuna moshi, hakuna mtoto analia ndani.

19:35 Amosi: Duh

19:36 Ba'mdogo Yona: Nilikuwa namalizia ugali kwanza.

19:38 Daudi: Sawa, tutoe ugali. Sasa tazama picha yenyewe. Mshale umelala kwenye nyekundu. Pini imeota kutu. Karatasi ya ukaguzi imefutika yote, haisomeki hata mwaka.

19:39 Ba'mdogo Yona: Lakini mzito. Unga umo.

19:41 Daudi: Unga umo, presha haimo. Ukibinya utatoa vumbi kidogo tu ukae unauangalia. Hebu ugeuze kichwa chini, usikilizie. Unga unatembea?

19:44 Ba'mdogo Yona: Sisikii kitu.

19:46 Daudi: Umeganda chini. Mtungi ukikaa miaka kwenye gari linalotikisika, unga unajishindilia. Ndiyo maana mafundi wa mitungi wanataka uugeuze-geuze kila baada ya muda na uupeleke kukaguliwa kila mwaka. Huo ni wa trafiki tu, moto hauujui.

19:47 Happy: "Moto hauujui" 😂😂

19:48 Shangazi Eliza: Happy acha kucheka, wewe wa kwako umeuangalia?

19:53 Happy: Nimetoka kuuangalia. Mshale uko kijani. Ila umeandikwa kilo 1, mdogo kama chupa ya chai.

19:55 Baba Mkubwa Mika: Nauliza. Hicho cha kilo moja kinaweza kuzima gari linalowaka?

19:59 Daudi: Baba Mkubwa, hapana. Gari likishashika huwezi. Mtungi wa kilo 1 ukiubinya moja kwa moja mara nyingi haumalizi sekunde 10. Ule ni wa moto unaoanza: waya umeunguza plastiki, mafuta yamedondokea kwenye bomba la moto, siti imeshika sigara. Hapo unaokoa gari. Ukichelewa, unaachana nalo, unaokoa watu. Kwa Noah na Hilux ningependa kilo 2, na iwe ya unga wa ABC, maana huo unashika vitu vigumu kama siti na nguo, unashika na petroli.

20:01 Amosi: Ile ya gesi, ya kaboni? Ofisini kwetu Mtumba ndizo zimejaa.

20:03 Daudi: Ile ni nzuri ndani ya chumba cha kompyuta. Nje, na huu upepo wetu, gesi inapeperuka kabla haijafanya kazi. Halafu ile haina geji, kuijua kama imejaa mpaka uipime uzito.

20:04 Shangazi Eliza: Mitungi miwili basi. Naitoa wapi hela? Vitenge siwezi kupunguza, tutaaibika.

20:06 Baba Mkubwa Mika: Wa Hilux nanunua mwenyewe.

20:07 Ba'mdogo Yona: Mimi nina wazo la kuokoa hela. Nachukua dumu la lita 20 la petroli hapa mjini, naliweka buti, tukirudi hatusimami kituoni Kondoa.

20:07 Wifi Rose: Weee

20:08 Daudi: Ba'mdogo hapana.

20:08 Baba Mkubwa Mika: Yona.

20:09 Ba'mdogo Yona: Mbona watu wanabeba kila siku?

20:14 Daudi: Wanabeba, ni kweli. Lakini Jumamosi Noah inabeba watoto sita na Bibi. Dumu la plastiki juani linavimba, kifuniko kinapumua. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi juu utoke dirishani, unatambaa sakafuni kwenye miguu ya watoto. Hapo cheche moja tu inatosha, mtu anabonyeza swichi au anachomeka chaji. Na Kondoa vituo vipo, jaza tenki hapa ufunge mfuniko, hata hutahitaji.

20:16 Shangazi Eliza: Dumu haliendi. Nimeshasema.

20:17 Ba'mdogo Yona: Sawa sawa. Nilikuwa natoa wazo tu.

20:22 Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:47)

20:26 Happy: Kwa ambao hamna bando la kusikiliza: Bibi anasalimia, anauliza nani atashika kuku (hakuna kuku Bibi, ni mbuzi), halafu anasema amesikia petroli na amekumbuka lile lori la Morogoro. Anauliza kama pale Msamvu mtu mmoja angekuwa na mtungi watu wasingekufa.

20:31 Daudi: Shikamoo Bibi. Pale Msamvu tarehe 10 Agosti 2019 mtungi wa gari usingesaidia kitu. Lori lilipinduka, mafuta yakamwagika, watu wakaenda kuchota na madumu, moto ukalipuka wakiwa katikati yake. Walikufa zaidi ya 100. Mafuta yakishamwagika kiasi kile kazi ni moja, kukimbia, na kuwazuia wengine wasisogee. Sitaki mtu humu apate mtungi mpya halafu ajione askari wa zimamoto.

20:32 Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:09)

20:33 Happy: Anasema marahaba mjukuu wangu na uoe na wewe.

20:33 Amosi: 😂😂😂

20:35 Wifi Rose: Daudi, ile gari uliyosema siku ile kwa Mama Tunu, ya njia ya Mayamaya, waeleze na hawa. Inafundisha kuliko geji.

20:44 Daudi: Sawa. Niliitwa kwenda kuangalia kama kuna kitu cha kuokoa, hakikuwepo. Gari dogo la abiria. Mwenyewe alikuwa ameongeza zile taa kali za mbele, fundi akavuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri bila fyuzi, akaupitisha pembeni ya chuma. Waya ukasuguana na chuma mpaka ganda likaisha. Walivyomaliza Makutupora wakaanza kusikia harufu ya plastiki. Wakadhani ni takataka zinachomwa nje, wakafunga vioo. Mbele kidogo moshi ukatoka kwenye boneti. Akasimama, akashuka, akafungua boneti YOTE. Upepo uliokuwa unavuma mnaujua. Moto uliokuwa mdogo pale kwenye waya ukapata hewa, ukamrukia, nyusi zote zikaenda.

20:46 Daudi: Mtungi alikuwa nao. Chini ya magunia mawili ya alizeti, buti. Dereva wa basi akasimama, akaja na mtungi mkubwa, ila akaanza kupuliza kwenye ndimi za juu kwa juu. Unga ukaenda na upepo. Ukaisha, moto ukarudi. Watu walitoka wote salama, gari likabaki fremu.

20:47 Shangazi Eliza: Eeh Mungu.

20:48 Baba Mkubwa Mika: Boneti lisifunguliwe kabisa?

20:53 Daudi: Baba Mkubwa, unavuta ile kamba ya ndani tu, boneti linaachia upenyo. Kama hata kamba imeshika moto, acha. Unaingiza mdomo wa mtungi kwenye ule upenyo, au kwenye grili ya mbele, au chini ya gari karibu na tairi, unabinya. Kabla ya hapo umeshazima injini, maana injini ikiwa inawaka pampu inaendelea kusukuma petroli kwenye moto. Na watu wameshashuka, wako mbali, upande unakotoka upepo. Wewe pia unasimama na upepo mgongoni, hatua mbili tatu, unachomoa pini, unalenga shina la moto, pale unapotokea. Ndimi achana nazo. Unafagia kushoto kulia. Ukizima usigeuke mgongo, moto wa gari una tabia ya kurudi. Ukiona mtungi umeisha na bado unawaka, ondoka. Hakuna mazungumzo hapo.

20:55 Ba'mdogo Yona: Na maji? Mimi sikosi madumu mawili ya maji.

20:57 Daudi: Kwenye petroli usimwage. Petroli inaelea juu ya maji, utausambaza moto mpaka kwenye majani, na majani ya sasa hivi mnayaona yalivyokauka. Hilo ni jingine, msiegeshe gari juu ya majani makavu mkichimba dawa. Bomba la moshi la chini linakuwa la moto sana, linawasha.

21:00 Wifi Rose: Maji yabebwe kwa sababu yangu. Mtu akiungua, maji safi ya kawaida yanayotiririka kwenye lile eneo, dakika 20. Sio barafu, sio dawa ya meno, sio mafuta ya kupikia. Wodini tunapokea watu wamepakwa unga wa ngano, kuutoa ni mateso. Nguo ikishika moto, lala chini bingirika, usikimbie.

21:01 Shangazi Eliza: Na asali je? Kule Kondoa asali ni nyingi.

21:02 Wifi Rose: Shangazi asali ni ya kunywea chai 😂 Maji kwanza, hospitali baadaye.

21:04 Wifi Rose: Na mtungi usipulizwe watu wakiwa ndani ya gari. Ule unga kwenye Noah iliyofungwa vioo, Bibi na pumu yake, hapana. Watoke kwanza.

21:06 Amosi: Swali la mjini. Si tunapiga tu 114?

21:09 Daudi: Piga, tena mapema, mtu mwingine apige wakati wewe unahangaika na pini. Lakini jiulize gari la faya likitoka mjini linakufikia Haneti saa ngapi. Hapa Area C sawa. Kule mbele ni wewe, mtungi wako, na basi litakalopita.

21:11 Baba Mkubwa Mika: Imeeleweka. Sasa ukae wapi ndani ya gari? Maana buti imekataliwa.

21:15 Daudi: Chini ya siti ya abiria wa mbele, ufungwe kwa kile kishikio chake na skrubu. Siti ya dereva hapana. Ukichomoka unabiringika mpaka chini ya pedali, unakanyaga breki unakanyaga chuma. Wala usiuache huru nyuma, gari likifunga breki unaruka kichwani kwa mtu. Na usiuweke juu ya dashibodi. Gari lililofungwa vioo kwenye jua la saa saba hapa Dodoma linachemka, na mitungi mingi imeandikwa mwisho wake nyuzi 60.

21:17 Shangazi Eliza: Siti ya mbele ya Noah nakaa mimi.

21:18 Daudi: Basi Shangazi wewe ndiye unayeutoa na kumpa Ba'mdogo. Kesho nakufundisha kuufungua kwenye kishikio, gizani, kwa kupapasa.

21:19 Shangazi Eliza: Mimi na magoti haya?

21:19 Happy: Tukae tubadilishane Shangazi, wewe njoo IST

21:20 Shangazi Eliza: IST sikai, inabana. Nitajifunza.

*Ijumaa*

10:38 Ba'mdogo Yona: 📷 Picha

10:38 Ba'mdogo Yona: Kilo 2. ABC. Mshale kijani, sili haijakatwa, tarehe imeandikwa. Nimeugeuza dukani mbele ya muuzaji, unga unatembea. Akaniuliza mimi ni mkaguzi? 😎

10:40 Happy: Ba'mdogooo 👏👏

10:41 Wifi Rose: Watoto wasiujaribu jamani, Tunu mikono yake haitulii.

10:43 Daudi: Kweli. Ukibinywa hata kidogo unga unabaki kwenye valvu, presha inavuja polepole, baada ya siku chache mshale uko nyekundu. Ukishatumika, hata kwa sekunde moja, unarudi kujazwa.

10:45 Ba'mdogo Yona: Na ule wa zamani nitupe?

10:46 Daudi: Usitupe jalalani, watu wanaokota chuma wakaupasua. Niletee, nitaupeleka wanakojaza. Wakiukataa watajua cha kuufanya.

10:52 Shangazi Eliza: Hesabu mpya: soda nimepunguza kreti moja, mtungi umeingia. Msiniulize tena.

10:53 Amosi: Shangazi soda za wakwe?!

10:54 Shangazi Eliza: Za kwetu. Wewe utakunywa maji ya Wifi Rose.

12:20 Baba Mkubwa Mika: Wa Hilux nimepata. Fundi ananifunga sasa hivi.

12:31 Ba'mdogo Yona: Daudi, na mimi Noah yangu ina zile taa za mbele za kuongeza. Alifunga kijana mmoja tu pale gereji. Fyuzi sijui kama ipo.

12:33 Daudi: Nakuja leo saa kumi na moja nikitoka kazini. Usilizungushe gari mchana, nataka nikute injini imepoa.

12:34 Ba'mdogo Yona: Sawa fundi. Ugali utakuwepo.